Maji ya Ndizi ya Minago

Minago, njia ya Rumonge,
Mfunguo Nane, 1911

Mpendwa dada yangu Biasha,

Nakushika miguu kutoka huku mbali. Na miguu yako yenyewe inaendeleaje? Hadji muuza chumvi alituambia umepata nafuu, lakini Hadji hapendi kumpa mtu habari mbaya, kwa hiyo nitaamini nikisikia kwako. Sisi ni wazima. Mimi kifua kilinibana wakati wa mvua, sasa kimeachia. Habari za mke wangu Mwamini nakuja kuzieleza. Asmani akusomee polepole, wala usimwambie aruke mistari, nakujua.

Salamu zako kali zilinifika. Ulisema kama huku Minago hakuna mtu wa kumshika mke wangu siku ya uchungu, utamtuma Asmani na mtumbwi aje kumchukua azalie kwako Ujiji. Tena ukauliza ni akili gani iliyonitoa Usumbura penye kazi yangu, nikaenda kujenga katikati ya watu nisiowajua. Ni haki yako kuuliza, maana wewe ndiye uliyenilea.

Dada, Usumbura hatukuweza tena. Unajua tulimzika kule mtoto wetu wa kwanza. Kila Mwamini alipokwenda kuteka maji alipita njia ya makaburi, na akirudi hali chakula. Basi tukatafuta pa karibu. Kando ya Ruzizi pana ardhi nzuri, lakini mbung'o wamejaa, watu wanakufa kwa malale na Wadachi wanawahamisha. Moyo ulitaka Rumonge. Kule wako wenzetu, pana adhana, na yuko Sikuzani, mtu wa kwetu, wa kupiga naye Mwamini soga za Ujiji. Lakini ni mbali mno, ningekuwa namwona mke wangu kwa sikukuu tu. Kutoka Minago, mitumbwi ya mawese ikiondoka alfajiri hufika Usumbura kabla ya giza. Jumamosi nakwenda nayo, Alhamisi narudi, Ijumaa niko nyumbani. Mwarabu ninayemtengenezea milango ya maduka ameridhika na mpango huo.

Nikaenda kwa mutware, mkubwa wa hapa, na chumvi na kitambaa cha merikani. Akanipa kiwanja kizuri, ziwa mbele, michikichi nyuma. Nikadhani yamekwisha. Kumbe kwa Warundi kiwanja hakitolewi kwa nguo. Hutolewa kwa mtungi wa pombe ya ndizi, majirani wakiuzunguka na mirija yao, na hapo wanakuwa mashahidi kwamba huyu sasa ni mwenzao. Asiyekunywa nawe hajakuona ukihamia, hata kama anakuona kila siku.

Nami nikaharibu zaidi. Jirani yetu Minani alikuja mwenyewe na mtungi wake kunikaribisha. Nikarudi nyuma kana kwamba ameleta nyoka, nikamwambia ni haramu, wala sikumpa hata mkeka akae. Mwislamu mzuri kabisa, jirani hovyo! Tangu siku hiyo hakuja mtu. Nguzo za nyumba nilizisimamisha na vibarua kutoka Rumonge. Mwamini akishuka ziwani, wanawake humwitikia "amahoro", salamu yao ya amani, kisha hujitwika mitungi yao na kwenda zao. Na tumbo lilikuwa linakua. Kila Jumamosi nilimwacha amesimama peke yake pwani, na mimi mtumbwini naogopa. Ilibaki kidogo nimlete kwako mimi mwenyewe, bila kumngoja Asmani.

Aliyetuokoa ni Mwamini. Siku moja aliwaona wanawake kwa Minani wakikamua ndizi kwa majani. Akaingia bila kualikwa, na tumbo lake lile, akapiga magoti akakamua pamoja nao. Sasa sikiliza, dada. Maji yale ya ndizi, kabla hayajalala yakachacha, si pombe hata kidogo. Wao huyaita umutobe, nayo ni matamu mpaka meno yanauma. Akamwomba mke wa Minani, Mama Bukuru, amkamulie mtungi mmoja Ijumaa asubuhi. Baada ya sala nikaenda nyumba kwa nyumba kuwaita majirani, na kwa Minani nikaanza kwa kumwomba radhi. Alichungulia mtungini, akacheka sana.

"Eh, jirani, hii iko ya batoto!"

Lakini akatia mrija wake, nami nikatia wangu, vichwa vyetu vikagongana. Tulikunywa mpaka chini. Wakati wa kuondoka Mama Bukuru alimshika Mwamini mikono miwili, akamwambia, "Sasa tumekuona."

Alhamisi iliyopita, mtumbwi ulipokaribia Minago, Mwamini hakuwepo pwani. Daima huwa amesimama pale. Nikaona moshi mwingi kwetu na watu wamejaa uani. Sikungoja mtumbwi ufike, niliruka majini na nguo zangu, nikakimbia. Sikufichi, nilikuwa nawaza kaburi tu. Mlangoni Mama Bukuru akanizuia, nyumba imejaa wanawake, wanaume wakae nje. Nikakalishwa chini katika ua wangu mwenyewe, nimelowa chepechepe. Minani akaja na mtungi mdogo na mirija miwili.

"Kunywa, jirani. Nimeikamua leo, haiyalala. Hii iko ya mutoto na ya baba yake."

Ni msichana, dada. Nilimsikia akilia mrija ukiwa mdomoni mwangu, nami nikalia mbele ya Minani bila haya. Mama yake ni mzima na anakula vizuri. Wanawake wanapokezana kulala naye, mpaka mimi nimekosa pa kulala ndani ya nyumba niliyoijenga. Mtoto tumempa jina lako.

Nisalimie shemeji Mbaraka, Mwasiti na wanawe, na shangazi Aziza, mwambie dua zake zimefika. Mungu akupe miguu yenye nguvu, akuzidishie umri umwone huyu Biasha mdogo akitambaa.

Na ule mtumbwi usiuzuie. Asmani aje nao kama ulivyosema, ila asije kuchukua mtu, aje amekuleta wewe. Mama Bukuru ananiuliza kila siku unafika lini, apate kujua avundike lini ndizi zako.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye siku zote,
Feruzi