Ng'ombe Aliyetengwa Nyumbani kwa Mama

Shikamoo Mama Mshauri,

Nimesoma majibu yako kwa wengine tangu nikiwa chuoni na sikudhani nami nitakuandikia, lakini nimefika mahali chakula hakipiti, hivyo naomba unisaidie hata kama utanigombeza. Nina mtoto mmoja wa kiume, ana miezi minne. Nafanya kazi ya ukarani katika ofisi ya mwenye makarasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, hapa Rwamgasa, na mume wangu Fredy ni fundi wa kuchomelea vyuma. Kwetu ni kijijini, upande wa Mwadui, ambako mama yangu anaishi na ng'ombe wake wachache na shamba la pamba.

Mama yangu hajamwona mjukuu wake. Nilijifungulia huku huku Geita, na yeye hakuja, si kwa kutotaka, bali kwa sababu kaka yetu mkubwa, Masele, alifukiwa na kifusi shimoni mwaka juzi katika machimbo ya upande huu, na siku ya mazishi mama alisema mbele ya watu wote, "Ardhi ile nimeshaipa mmoja, siendi kuisalimia." Kwa hiyo nilipojifungua hapakuwa na mtu wa kwetu. Aliyenikanda kwa maji ya moto ni jirani yangu Ghati, anayewapikia wachimbaji, na kila aliponikanda nililia, naye akadhani maji yamezidi moto.

Mtoto tulimpa jina la kaka. Sasa watu wote wananiita Mama Masele, jina ambalo utotoni mwangu lilikuwa la mama, na nikiitwa sokoni bado nageuka kumtafuta yeye.

Kila jioni mama hupiga simu na kuniambia, "Niwekee nyanda wane sikioni," yaani kijana wangu, nami namwekea mtoto simu, mama anaongea naye Kisukuma kirefu na mtoto anatulia kabisa, mimi nimeshika tu. Wiki iliyopita alisema, "Mlete kiangazi hiki, mayu, kabla hajajua kukataa watu." Mayu ni mama, ndivyo anavyonibembeleza. Pamba imeshavunwa, likizo ninayo, na mwili wangu wote unataka kwenda. Nataka nikae kwenye kigoda cha jikoni kwetu moshi unitoe machozi, nisikie mtu akinigombeza kwa Kisukuma kwamba nimekonda. Nilikuwa nimeshaanza kukunja nguo za mtoto ndipo mama mdogo Rhoda akanipigia.

"Dada ametenga ng'ombe," akasema. "Yule mwekundu aliyezaa juzi juzi. Mimi mwenyewe nimeomba maziwa ya chai nimenyimwa! Anasema yana mwenyewe."

"Mwenyewe nani, mama mdogo?"

"Si mnakuja?" Akacheka, akakata simu.

Mama Mshauri, nikaacha kukunja nguo. Mtoto anayenyonya, anayekwenda kutembea wiki mbili, ng'ombe ni wa nini? Ng'ombe hutengewa mtoto anayebaki. Kwetu mjukuu wa kwanza mara nyingi hulelewa na bibi, kaka Masele mwenyewe alilelewa kwa bibi mpaka alipofikia umri wa shule, na mama aliwahi kutuambia kwamba kaka aliporudi nyumbani alimwamkia yeye mama yake kama mgeni. Nilipomweleza Fredy akaniambia, "Nenda. Ila ukirudi mikono mitupu nitamfuata mwenyewe, na sitakuwa nimekwenda kusalimia." Ghati yeye anacheka tu, anasema, "Wewe nawe! Huyu wenu amezoea kulala na kelele za makarasha, siku moja ya ukimya wa kijijini bibi yake atamrudisha mwenyewe kwa basi la alfajiri." Halafu akanishauri nimwambie mama kwamba mtoto anaumwa, nivute siku mpaka likizo iishe.

Ukweli ni kwamba simwogopi mama, najiogopa mimi. Sijawahi kumwambia mama hapana. Na tangu mazishi tunaongea habari za mvua, za pamba na za mtoto, basi. Akimpakata akaniambia, "Niachie Masele wangu," kwa jina hilo, mimi nitajibu nini? Niende, au niseme anaumwa?

Mama Masele, Geita.

Marahaba, Mama Masele.

Nimemaliza barua yako nikitaka kukukumbatia na kukuvuta sikio. Nianze na sikio. Usithubutu kumwambia mwanamke aliyezika mwanawe kwamba Masele anaumwa. Hata kwa nusu siku. Huyo jirani yako ana moyo mwema, amekukanda vizuri, lakini ushauri huo mrudishie.

Sasa ng'ombe. Umemuuliza mumeo, umemuuliza jirani, umeniuliza mimi gazetini. Mwenye ng'ombe hujamuuliza! Mimi nimekulia zizini, Kahama, na nakwambia nilichokiona kwetu: mwanamke aliyejifungua akirudi kwa mama yake hutengewa ng'ombe. Maziwa hayo hanywi mtoto, anakunywa mzazi, asubuhi na jioni, mpaka mashavu yarudi. Mama yako amelea, anajua mtoto wa miezi minne chakula chake kiko kifuani mwako. Mwenye maziwa ni wewe, binti yangu. Ulizaa mbali naye, mahali ambapo miguu yake ilikataa kwenda, hakukupikia uji, hakukufunga tumbo. Unafikiri yeye analala vizuri kwa hilo? Wewe unalia kwamba hukuwa na mtu wa kwenu, na kule Mwadui kuna mtu anagombana na mdogo wake kwa kikombe cha maziwa ili ukifika uyakute.

Mama yako simjui, na naweza kuwa nimekosea. Inawezekana anamtaka na mtoto, bibi gani hamtaki? Ndiyo maana sitaki uende kwa kubahatisha. Mpigie leo, wewe mwenyewe, na mtoto umpe baba yake kwanza. Mwambie, "Mama, tunakuja, tutakaa wiki mbili, na nitarudi naye kwa sababu ananyonya." Basi. Usiongeze maelezo ya ofisini. Hapana inayosemwa mapema, kwa adabu, haimvunjii mzazi heshima. Inayomvunjia ni ile ya kukimbia naye mtoto asubuhi bila kuaga. Na akikuomba tena mkiwa uso kwa uso, usibishane. Muulize ilikuwaje siku ile kaka yako aliporudi kutoka kwa bibi akamwamkia kama mgeni. Mwache aeleze. Huyo mama anajua kuliko wewe na mimi uchungu wa kuachisha ziwa na kuachia mtoto kwa pamoja.

Fredy naye aache vitisho. Akusindikize, amwamkie mkwewe kwa heshima zote, kisha arudi kwenye vyuma vyake. Mkwe aliyefika na kuamkia hana haja ya kufuata mtu.

Safarini panda basi la asubuhi, kaa mbali na dirisha lenye vumbi, mnyonyeshe kila anapotaka. Chukua kadi ya kliniki na chandarua. Kutoka stendi msipande pikipiki na mtoto mchanga, tafuta bajaji hata kama itakuchelewesha. Mtoto asipewe maji wala dawa ya mizizi kabla hajatimiza miezi sita, na hilo uliseme kwa jina la nesi, si kwa jina lako, mtaelewana haraka zaidi. Kuhusu kelele, atalia usiku wa kwanza, atazoea. Watoto wote wa Usukuma wamelala penye ukimya na hawakudhurika.

Lipo jambo moja ambalo hukuniuliza, nalo ndilo linalokunyima chakula. Umeandika kwamba tangu mazishi mnaongea mvua na pamba. Nyote wawili mmempa mtoto mzigo wa kulitamka jina la kaka yako kwa niaba yenu, na mtoto mwenyewe hata kukaa hawezi. Kwa hiyo usikae siku tatu ukakimbilia ofisini. Kaa mpaka likizo iishe. Siku moja mchana, mtoto akiwa amelala, kaa karibu na mama yako, umsaidie kuchambua pamba au chochote alicho nacho mkononi, na useme jambo lolote unalolikumbuka kuhusu Masele mkubwa, alivyokuwa akicheka, alivyokuwa akiwaudhi. Mama yako hawezi kuanza.

Anza wewe.