Chama Kimehama Sebuleni

Chang'ombe, Temeke,
Dar es Salaam.
20 Agosti, 1995.

Mpendwa shemeji Romani,

Habari za Lusaka? Baridi imepungua? Natumaini mgongo wako umepata nafuu, na kwamba mkeo Eliaichi na watoto wanaamka salama. Mimi nipo. Miguu huvimba kidogo jioni, vinginevyo namshukuru Mungu.

Barua yako ya rambirambi ilinifikia. Usijilaumu kwa kutofika kumzika kaka yako. Simu ya maandishi ilikukuta safarini, na Didas mwenyewe angekuwa wa kwanza kukuelewa.

Uliniuliza kile chama chake cha walimu wa lugha ya alama kilianzaje. Kilianzia hapa sebuleni, mwaka 1988. Didas alipokea darasani mtoto kiziwi aliyehamia kutoka shule nyingine, wakawa hawaelewani hata neno maji. Kila shule ilikuwa na alama zake. Akawaita walimu wenzake waje Jumamosi wazilinganishe. Ya maji walikubaliana upesi. Ya mama iliwashinda mpaka jua likazama, mwishowe wakaamua zibaki zote mbili, maana mtoto hawezi kuambiwa abadilishe mama.

Baadaye wakaja na walimu ambao wenyewe ni viziwi, nyumba ikajaa. Jirani yangu Tunu alikuwa akinitania, "Shoga, wageni wako wananyamaza kama wako msibani, halafu wanapiga miguu kama wako ngomani." Nikamweleza kwamba ndivyo wanavyoitana. Unagonga sakafu, mwenzako anahisi mtikisiko, anageuka.

Mgao wa umeme ulipoanza, taa ikizimika maneno yalikatika hewani, mtu kabaki mikono juu. Nikawa nasimama na chemli kando ya msemaji. Akimaliza, nahamia kwa mwingine. Ikawa desturi, asiye na taa hana zamu. Didas alikuwa akicheka na kusema, "Mwenyekiti ni Elinaza, lakini ruhusa ya kusema anatoa mke wangu."

Tulipomzika Machi, wakaendelea kuja. Halafu mwezi wa sita Elinaza akaniambia wamepata chumba kule Kinondoni, chenye jenereta.

"Mama, chama kimekua. Hatuwezi kukusumbua siku zote."

"Hamnisumbui," nikamjibu.

Kweli walikuwa wamebanana, wengine wakisimama mlangoni. Lakini niliogopa kwamba wakihama watahama na Didas, nami nibaki na viti vyake. Tangu hapo kila Jumamosi nafagia sebule mapema kwa mazoea, kisha nakaa. Sakafu haitikisiki.

Jana walinialika. Nikaketi kando ya ukuta, taa zinawaka pande zote, mikono yangu haina kazi. Anastasia, mwalimu kiziwi aliyekuja kwetu tangu zamani, akawasimulia walimu wapya chama kilikotoka. Viziwi humpa mtu jina la mkono kutokana na jambo alilozoea kulifanya. Unakumbuka kaka yako alivyokuwa akipapasa mfuko wa shati kutafuta miwani, nayo iko usoni? Ndilo jina lake. Anastasia akagonga mfuko mara mbili, na wale vijana ambao hawakupata kumwona wakarudia, chumba kizima kikipapasa vifua. Nikatazama chini.

Nilipoinua macho, Anastasia alikuwa ameweka ngumi kando ya shavu, ananitazama mimi. Sikujua kwamba nina jina. Nalo wakalirudia.

Nilirudi nyumbani peke yangu. Umeme ulikuwepo, lakini nilijaza mafuta kwenye chemli na kufuta kioo chake. Leo ni kimya vilevile, shemeji. Jina halinywi chai na mtu. Hata hivyo nimelala vizuri kuliko siku nyingi.

Nisalimie sana Eliaichi, na mwambie Brightson asome, baba yake mkubwa alimtarajia awe mwalimu. Mungu awafunike hapo ugenini na atukutanishe tungali na nguvu.

Ukimkumbuka kaka yako, gonga mfuko wa shati mara mbili. Na siku ukinikumbuka mimi, weka ngumi kando ya shavu, kama mtu aliyeshika taa.

Shemeji yako akupendaye,
Apolonia