Madabodi Ndogo kwa Kasha Dogo

Kilwa Masoko, Jumamosi

Bado nacheka peke yangu. Imeingia. Madabodi imeingia kwenye kasha.

Hamisi, mume wangu, alitaka kasha kubwa, eti kompyuta ionekane kompyuta. Mimi nikashikilia dogo, maana kibanda changu cha kuchapa barua ni kifinyu. Kasha kubwa lingemfukuza mteja. Lakini kasha dogo halipokei madabodi ya kawaida, ule ubao unaobeba mitambo yote ya ndani. Nikamwagiza shemeji aliyeko Dar atafute ndogo. Roho ilikuwa juu. Isipoenea, hapa nitaibadilisha wapi? Na mashine ya taipu nimeshaiuza.

Leo ikafika kwa basi. Hamisi akashika bisibisi, mimi nikafumba macho.

"Mama Zuhura, fumbua. Matundu yote yamekaa sawa."

Tulipowasha, kioo kikawaka. Nikamkumbatia mbele ya wateja, mimi na ushungi wangu. Yeye akabaki kulitazama kasha, kisha akasema taratibu, "Kumbe dogo linapendeza."

Kwa furaha nimemwachia achape jina lake kwanza. Mpaka sasa anaitafuta herufi H.