Firigisi ya Mkwe

Nasima, Githaiga wangu amekwisha. Tuko kwa mama, Kalamba.

Unajua vile vijiwe vya masikio ya samaki wa kale anavyochunguza? Alivianika kwa uteo wa mama wa kuchagulia ndengu. Kwa uteo, Nasima!

Mama akadhani ndengu zishachaguliwa, yamebaki mawe. Akamwaga nje. Jogoo akameza kimoja!

Githaiga akalia, "Mama, huyo samaki aliisha duniani! Alibakisha hicho kijiwe tu!"

Mama naye, "Samaki gani tena? Pole mwanangu, nakuchinjia huyo jogoo."

Nikakimbia jikoni nipasue firigisi, labda kijiwe kiko ndani. Nikachelewa. Mama alishaiosha, uchafu wote akatupa chooni.

Sasa firigisi iko kwa sahani ya Githaiga, maana ni ya mkwe. Mama amesimama hapo anamwangalia.

Na anatafuna, Nasima. Machozi yanamtoka, anatafuna.