Stempu ya Kwenda Sanya Juu

Shangazi yangu Apolonia,

Huko uliko sidhani kama kuna posta, lakini ni wewe uliyenifundisha kwamba barua huandikwa kwanza, njia hutafutwa baadaye.

Leo nimepita posta ya Moshi mjini, nikakumbuka ulivyokuwa ukivaa kwenda pale: gauni la Jumapili na kilemba safi, kana kwamba unakwenda kupokea komunyo. Nilikuwa nakaa kwako nikisoma sekondari, na kila zilipotoka stempu mpya tulikwenda wote. Ulimwomba karani akuchagulie ambazo hazijaguswa na mhuri, zenye meno yote. Karani mmoja mgeni alikuuliza, "Mama, unatuma wapi?"

"Situmi, mwanangu. Nazitazama."

Na kweli tulizitazama. Jioni hiyo cherehani yako ilinyamaza, tukawa na twiga, vipepeo, na mlima wetu uliochorwa na mtu ambaye, ulisema, hajawahi kuuona kutoka Kibosho.

Halafu zikaja kampuni za watu binafsi. Moja ilifungua ofisi karibu na stendi, ikipeleka barua na vifurushi Sanya Juu, na ilichapisha stempu zake yenyewe, za buluu, zenye kanga anayekimbia. Ulipoziona hukutulia tena. Lakini kijana wa kaunta alikataa kukuuzia.

"Hizi haziuzwi hivihivi, mama. Nabandika kwenye mzigo, mzigo unaondoka."

Sanya Juu ulikuwa na mtu mmoja tu: baba yangu, mdogo wako. Na ingawa mimi nilikaa kwako, nyinyi wawili hamkuwa mkizungumza. Bei ya kahawa ilipoanguka aling'oa mibuni ya bibi akapanda nyanya, nawe ukamwambia mbele ya ukoo kwamba amemng'oa mama yenu kaburini. Hata kipaimara cha mdogo wangu hukuja.

Nakuona ulivyokaa na mkasi mkononi. "Nikimtumia kitu atasema nimejishusha."

"Basi acha, shangazi."

"Na stempu?"

Ukamshonea shati. Kwa mtu aliyetaka stempu tu, ulichagua kitambaa kwa muda mrefu mno, na kola uliifumua ukaishona upya. Hukumwandikia salamu. Ulitia kikaratasi kimoja tu: aibandue stempu, airudishe.

Jumamosi iliyofuata mbwa alibweka, nikatoka. Baba alikuwa mlangoni amevaa shati lile, mkungu wa ndizi begani, jani la isale mkononi. Kwetu Wachagga, anayekuja na jani hilo anaomba msamaha, na hakataliwi.

"Shikamoo, dada."

Uliitazama kola kwanza. "Marahaba. Linakubana?"

"Kidogo. Nyanya zimeninenepesha."

Ukacheka, kicheko kikageuka kilio, ukalipokea jani. Tulipokwisha kula ndipo ulipomuuliza stempu yako iko wapi. Baba alishika kichwa. Karatasi ya kifurushi alikuwa ameiwashia moto! Nilidhani mtaanza upya, lakini ulijifuta macho tu ukasema, "Basi nitakutumia kingine."

Ukatuma kingine, na kingine. Sweta, magauni ya mama, mapazia. Kampuni ile haikudumu, ila ilipofunga milango nyinyi mlikuwa mmeshazoeana tena, na baba alikuwa akishuka mjini bila kungoja kuitwa.

Ulipougua alihamia kwako. Aliniambia nisome, yeye atakuuguza. Nilikuwa nikirudi kutoka shuleni namkuta ameloweka bahasha kwenye beseni, akibandua stempu kwa vidole vyake vya jembe, nawe kitandani unamgombeza: "Polepole wewe! Utang'oa meno!" Alikuwa akijibu kwa Kichagga, mnacheka kama watoto. Siku ulipotuacha, ni yeye aliyekufumba macho.

Mimi nakukosa hasa nikisikia cherehani ya mtu mwingine. Baba sitakwambia anakukosa vipi, kwa maana hasemi. Nakaa naye sasa huku Sanya Juu. Amezeeka, masikio yamekuwa mazito. Juzi alikuja mgeni, wakaongea ya mashamba na mvua, kisha mgeni akamuuliza kwao wamezaliwa wangapi.

"Tuko wawili," baba alijibu. "Mimi na dada yangu. Yeye yuko mjini, anashona."

Mgeni alinitazama. Nilimwongezea chai, na baba sikumsahihisha.

Lala salama, shangazi.

Ni mimi,
binti wa mdogo wako