Salfa kwenye Banda la Njiwa

Mjukuu wangu, mume wangu Rashidi,

Asalaam aleikum. Huku Lionja ufuta tumeshavuna, na mama yako miguu imepungua kuvimba. Babu yako Saidi, kaka yangu, tulimzika Ijumaa.

Umeuliza kwa nini njiwa wako wananyonyoka manyoya. Huo ni utitiri, na unajificha kwenye nyufa za banda. Watoe njiwa, choma matandiko, mwagia nyufa maji ya moto, banda likauke juani. Dawa ya kuwapaka muulize bwana mifugo. Usijitungie.

Mimi zamani nilijitungia. Kaka Saidi aligombana na baba, akaenda Namungo kuchimba dhahabu, akaniachia njiwa wake. Walipoanza kunyonyoka niliwamwagia salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho, nikafunga banda vumbi lisitoke. Nilipofungua, wengi walikuwa wamekufa. Waliobaki waliruka, hawakurudi. Wale wafu niliwafukia shambani, sikumwambia mtu.

Kaka aliporudi alikuta banda tupu. Unajua kwetu tunaamini njiwa huhama nyumba yenye ugomvi. Akapiga magoti akilia, "Baba nisamehe, nimewafukuza njiwa." Wakapatana palepale, nami nikaona heri ninyamaze.

Lakini hakufuga njiwa tena. Juzi, nikimnywesha uji, akaniambia, "Mdogo wangu, mdomo wangu ule ulihamisha hata ndege." Nikasema moyoni, akimaliza uji nitamwambia.

Hakuumaliza.

Bibi yako,
Mwanahawa