Sarafu ya Waparthi na majivu ya Yaya Zaina

Yaya Zaina, dada yangu mukubwa, nakusalimia wewe na mama, na ile mbuzi yako ya kiburi.

Hapa Kasongo mimi niko mutu mukubwa. Mjomba anakusanya sarafu za kale. Rafiki yake alitoka Dubai na mbili za feza za kuuza, za wafalme Waparthi wa Uajemi: mbele mufalme wa ndevu, nyuma mutu wa upinde, anawinda akikalia kiti kama shemeji anayengoja chakula. Mjomba alitaka moja tu, ile yenye uso wazi. Wakati wanakunywa chai nikaisugua na majivu na ndimu, vile ulinifundisha kusugua sufuria mbele ya wageni. Iling'aa sana.

Mjomba alishika kichwa. "Mutoto wewe, weusi ule ndio uzee wake. Sasa nani ataniamini?"

Rafiki alikataa kuipokea tena, mjomba akalipa zote mbili. Ile ya pili, chafu, yenye pua ya mufalme imekwisha, ndiyo iliingia mu kisanduku chake. Ile yangu alinitupia, nakuletea wewe uvae shingoni.

Kwa hiyo aliyemuchagulia mjomba sarafu yake ni mimi. Kosa, kama iko, ni ya mwalimu wa sufuria.

Kaa na afya, na uniachie ndizi.

Mudogo wako, Asani